Mafundi wa Kitufe cha Kijani

Kitufe chenyewe ni cha kijani, maandishi yake meupe, na upande wa chini kina ukanda mwembamba wa kijani kilichokolea unaofanya kazi ya kivuli. Aliyewahi kuhuisha leseni ya udereva akiwa Birmingham, au kuanza kujaza maombi ya viza ya Uingereza akiwa Mombasa, amekutana nacho. Hakina pambo. Ukikibonyeza kinadidimia kidogo, ukikiachia kinapanda, na ukurasa mwingine unafunguka. Wanaokibofya hawakikumbuki, na mafundi wake hawakutaka kikumbukwe.

Faili lake liko wazi kwa dunia nzima katika GitHub, na mwenye kuijua kazi hii akilifungua hatalifunga upesi. Tuanze na huko kudidimia. Kivuli cha kitufe kina unene wa pikseli 2. Kitufe kikibonyezwa hushuka kwa pikseli hizohizo 2, kivuli kinamezwa, na jicho linakubali kwamba kitu kimebonyea kweli. Uzuri huo mdogo ulizaa tatizo. Mtu akiwa ameuweka mshale wa kipanya kwenye ukingo wa juu kabisa, kitufe kinaposhuka mshale unabaki nje yake. Kivinjari nacho hakihesabu mbofyo mpaka kidole kibonyeze na kuachia juu ya kitu kilekile. Kwa hiyo kinaona mtu amebonyeza kitufe, akaachia pembeni. Mbofyo unapotea. Mtu anakaa anasubiri ukurasa usiokuja, akidhani mtandao umekatika.

Ni wangapi hubofya ukingo wa juu wa kitufe, kwenye pikseli 2 za mwisho? Wachache mno. Lakini mafundi waliliona hilo wakalitibu. Wameweka juu ya kitufe tabaka lisiloonekana, linalofunika kitufe pamoja na kivuli chake, ili hata anayebofya kivuli ahesabiwe. Kitufe kinaposhuka, ukingo wa juu wa tabaka hilo hupandishwa kwa kiasi kilekile, hivyo mahali alipobonyeza mtu panaendelea kuwa kitufe. Kisha, kwa kuwa wanajua fundi mwingine atakuja kesho na kujiuliza tabaka hili la nini, wameandika sababu yake palepale ndani ya msimbo, sentensi kwa sentensi, kwa lugha ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataielewa.

Pana pia mpaka usio na rangi kuzunguka kitufe. Ukiutazama unajiuliza: mpaka usioonekana una faida gani? Faida yake iko kwa mtu mwenye uoni hafifu aliyeiamuru kompyuta yake ifute rangi za tovuti na kuweka zake, kwa mfano maandishi meupe juu ya weusi mtupu. Rangi ya kijani ikifutwa, kitufe kingebaki maneno yanayoelea tu, bila dalili kwamba yanabofyeka. Ila kompyuta katika hali hiyo huipaka mipaka yote rangi, hata ile iliyoandikwa kuwa haina. Mpaka uliokuwa umejificha unajitokeza na kitufe kinarudi kuwa kitufe.

Kitufe hiki ni kipande kimoja tu cha maktaba kubwa. Maktaba hiyo inaitwa GOV.UK Design System, na msimbo wake unaitwa GOV.UK Frontend. Imejaa vipande vilivyo tayari kutumika: vitufe, visanduku vya kujazia, vya kuchagulia, majedwali, ujumbe wa makosa, vichwa vya kurasa. Idara yoyote ya Serikali ya Uingereza inayojenga huduma mtandaoni huvichukua na kuvipanga, badala ya kuchonga kila kitu upya.

Asili yake ni karaha. Serikali hiyo iliunda kitengo chake cha huduma za kidijitali, GDS, mwaka 2011, na Oktoba 2012 ikafungua tovuti moja ya GOV.UK kuchukua nafasi ya Directgov na Business Link. Mlango ukawa mmoja, lakini nyuma ya mlango kila timu iliendelea na yake. Wa kodi walichora kisanduku chao cha tarehe, wa magereza chao, wa leseni chao, na kila timu ikajikwaa kwenye jiwe lilelile ambalo jirani yake alikwisha kujikwaa. Kulikuwa na vitendea kazi vya pamoja, navyo vilikuwa vitatu, Template, Elements na Frontend Toolkit. Timu ilibidi ivichanganye yenyewe na kuomba vielewane. Juni 2018 ndipo vilipokusanywa mahali pamoja, kwa jina moja na msimbo mmoja.

Mkeka hushonwa kwa ukili, na ukili huweza kusukwa na mikono mingi katika nyumba mbalimbali. Sharti ni upana ulingane, la sivyo mshono utakwenda upande. Katika maktaba hii upana hulindwa kwa majina. Kila jina la mtindo huanza na herufi zilezile, govuk, kisha kistari, kisha jina la kipande. Sehemu iliyo ndani ya kipande hutanguliwa na vistari viwili vya chini, na namna tofauti ya kipande hutanguliwa na vistari viwili vya katikati. Inachosha kuandika. Lakini msimbo wa idara moja ukiingizwa ndani ya ukurasa wa idara nyingine, hakuna rangi inayovuja wala ukubwa wa herufi unaobadilika kwa bahati mbaya.

Sasa tutazame kipande kinavyozaliwa.

Hakianzi kwa mchoro. Huanza kwa mtu kueleza, kwenye orodha iliyo wazi kwa wote, kwamba huduma yake ina haja fulani. Kila haja ina ukurasa wake wa majadiliano. Hapo watu wa idara mbalimbali huleta picha za walichokijaribu na kueleza walichokiona walipowakalisha wananchi mbele ya skrini: huyu alikwama hapa, yule hakukiona kabisa, mwingine alidhani ni tangazo. Maswali ya mwanzo ni mawili. Je, kitafaa huduma nyingi au yako peke yako? Je, hakuna kingine maktabani kinachofanya kazi hiyohiyo? Kikivuka hapo, kinangojewa na mengine matatu kabla ya kuchapishwa: kiwe kimejaribiwa na watumiaji halisi, wakiwemo wenye ulemavu, kioane na vilivyokwisha kuwamo, na kiweze kutumika katika mazingira tofauti bila kuvunjika. Kikundi cha wawakilishi kutoka idara mbalimbali hukaa na kupima.

Hatua hii haina haraka hata kidogo. Baadhi ya haja hukaa kwenye orodha kwa miaka. Mfano ni orodha ya kazi, ule ukurasa unaomwonyesha mwombaji sehemu alizokamilisha na zilizobaki. Kwa muda mrefu ilikuwamo kama maelekezo tu, kila timu ikiijenga kwa mkono wake, mpaka toleo la 5 la Desemba 2023 lilipoifanya kipande kamili. Mtu wa pupa angesema hiyo ni ulegevu. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Kipande kikishaingia katika huduma nyingi, kosa lililomo huingia nacho, na kulitoa ni shughuli kubwa kuliko kungoja.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha tarehe. Kuuliza tarehe ya kuzaliwa kunaonekana kazi ya dakika tano, na njia rahisi zimejaa. Iko ya kalenda inayojitokeza, nayo ni nzuri kwa anayetafuta siku ya kusafiri wiki ijayo, lakini ni adhabu kwa mzee wa miaka 78 anayetakiwa kuirudisha nyuma mwezi mmoja mmoja. Iko ya orodha tatu zinazoshuka ukizibofya, na ya mwaka ina mistari zaidi ya mia, huku kidole kwenye simu kikiteleza na kupita 1953 kila mara. Maktaba iliziacha zote ikachagua visanduku vitatu vitupu, siku, mwezi, mwaka, na kumwacha mtu aandike. Tarehe yake ya kuzaliwa anaijua. Hana haja ya kuitafuta.

Baada ya uamuzi huo ndipo ufundi ukaanza. Visanduku vya siku na mwezi vina upana wa tarakimu mbili na cha mwaka nne, hivyo ukubwa wenyewe unasema kinachotakiwa. Vyote vitatu vimo ndani ya fungu moja lenye swali juu yake, ili programu inayowasomea wasioona ilitamke swali pamoja na kisanduku, mtu asisikie "siku" peke yake akabaki anauliza siku ya nini. Juu yake kuna mfano mfupi: 27 3 2007. Utazame mfano huo. Namba ya kwanza ni kubwa kuliko 12, kwa hiyo hata aliyezoea kutanguliza mwezi hawezi kuisoma vibaya.

Kuna jambo ambalo mafundi wamekataza waziwazi: mshale usiruke wenyewe kwenda kisanduku kinachofuata mtu anapomaliza tarakimu mbili. Wengi wetu tumejenga fomu zinazoruka hivyo tukijiona werevu. Maelekezo ya maktaba yanasema huko kuruka huwachanganya watu na hugongana na matumizi ya kawaida ya kibodi. Aliyezoea kubonyeza Tab mwenyewe atajikuta ameruka visanduku viwili. Na mtu akiandika "jan" au "january" mahali pa mwezi, huduma inatakiwa impokee, maana ameeleweka.

Halafu kuna suala la namba. HTML ina kisanduku maalumu cha namba, na fundi yeyote angekichukua bila kufikiri, kwani si ndicho kilichoundwa kwa kazi hiyo? Mafundi wa maktaba hii walikichunguza wakaona madhara yake. Katika baadhi ya vivinjari, mtu akiwa bado amekichagua kisanduku hicho kisha akazungusha gurudumu la kipanya ili ateremke kwenye ukurasa, namba hubadilika bila yeye kujua. Anaandika 1964, anateremka, inatumwa 1961. Kivinjari kingine hukataa herufi kimyakimya, isipokuwa herufi e, kwa kuwa wanahisabati huitumia katika namba kubwa. Mwaka 2020 walieleza hadharani kwa nini wanakiacha. Walirudi kwenye kisanduku cha kawaida cha maandishi na kukiongezea maneno machache yanayoiambia simu ilete kibodi ya tarakimu. Uchunguzi wote huo ukaishia kwenye maneno machache ndani ya mstari mmoja wa msimbo.

Anayejenga kipande huanza na HTML tupu. Kabla ya rangi na kabla ya kitu chochote kusogea, ukurasa lazima uweze kutumika hivyohivyo, mtu ajaze na atume. Kisha inakuja CSS kuupa sura. JavaScript inakuja mwisho, kuboresha kile ambacho tayari kinafanya kazi. Mpangilio huo hulinda: mtandao ukikatika nusu ya njia na JavaScript isifike, fomu bado inatumika. Anayeishi mahali ambapo intaneti huja na kuondoka hahitaji kuelezwa thamani ya hilo.

Ujumbe wa makosa unaonyesha tabaka hizo tatu zikishirikiana. Mtu akituma fomu yenye kasoro, juu ya ukurasa hutokea kisanduku chenye mpaka mwekundu kilichoorodhesha kila kasoro, na kila mstari ni kiungo kinachompeleka kwenye kisanduku chenye tatizo. Kibodi yake huhamishiwa kwenye orodha hiyo ukurasa unapofunguka, ili asiyeona asikie mara moja kwamba kuna jambo la kurekebisha. Akibofya kiungo, ungetarajia ukurasa uteremke mpaka kwenye kisanduku. Lakini kisanduku kikikaa kwenye ukingo wa juu wa skrini, swali lake linabaki limefichika juu, na mtu anatazama kisanduku kitupu asijue kinauliza nini. Kwa hiyo msimbo huupeleka ukurasa kwenye swali. Kabla ya kufanya hivyo hupima: kutoka juu ya swali hadi chini ya kisanduku, umbali hauzidi nusu ya skrini? Ukizidi, hutafuta njia nyingine. Kwa nini nusu? Kwa sababu mtu akishika kisanduku kwenye simu, kibodi hujitokeza na kufunika sehemu ya chini. Fundi ameipima skrini pamoja na kibodi ambayo bado haijafunguka.

Kisha majaribio. Kipande hupitishwa kwenye vivinjari vya aina nyingi na kwenye programu ambazo watu wenye ulemavu huzitumia kila siku: JAWS na NVDA kwenye Windows, VoiceOver kwenye vifaa vya Apple, TalkBack kwenye Android, ZoomText kwa wanaokuza maandishi, Dragon kwa wanaoiamuru kompyuta kwa sauti. Kila moja ina tabia zake, na nyingine zina ukaidi wake.

Hapo ndipo kihesabu herufi kilipopata umbo lake. Ni ile sentensi iliyo chini ya kisanduku kikubwa inayokuambia zimebaki herufi ngapi. Kwa anayeona, hesabu hubadilika kila anapobonyeza. Kwa anayesomewa na programu, hesabu inayotangazwa kwa kila herufi ni kelele isiyovumilika: huwezi kuandika barua huku mtu anakuhesabia sikioni. Kwa hiyo kuna sentensi mbili. Moja inaonekana na kubadilika papo hapo. Ya pili haionekani, na hungoja mwandishi atulie kwa nusu sekunde ndipo isomwe. Tena watumiaji wa Dragon huyabadilisha maandishi kwa njia ambayo haiachi ishara yoyote ya kibodi, hivyo msimbo hupita kila sekunde kuangalia kama maandishi yamebadilika. Na ukivuka kikomo, kihesabu hakikuzuii. Kinakuambia umezidisha herufi ngapi na kukuacha umalize wazo lako, urudi kupunguza mwenyewe. Naona kuna adabu katika hilo.

Mwaka 2023 maktaba iliongeza kipande cha kutokea. Kimekusudiwa huduma ambazo mtu anaweza kuzitafuta kwa siri, kwa mfano mke anayepigwa nyumbani anayesoma namna ya kuomba ulinzi. Ni kitufe chekundu kinachobaki mbele ya macho ukurasa ukiteremka. Akikibofya, anapelekwa kwenye tovuti isiyo na la kushuku. Bila mpangilio mwingine, ni ukurasa wa BBC wa hali ya hewa. Lakini mtu aliyeogopa mkono wake hutetemeka, na pengine mshale uko mbali na kitufe. Kwa hiyo kubonyeza Shift mara tatu kunatosha. Shift peke yake haiandiki kitu, kwa hiyo haiharibu alichokuwa akijaza, na mara tatu ziko chini ya zile tano ambazo kwenye Windows huamsha mpangilio mwingine. Akibonyeza mara moja na kuacha, baada ya sekunde tano hesabu hufutika. Taa tatu ndogo huwaka moja moja kumwonyesha amefika wapi, na asiyeona husikia zimebaki ngapi. Tena mtandao ukiwa wa polepole, ukurasa mpya ungeweza kuchelewa huku wa zamani ukiendelea kuonekana. Kwa hiyo mara tu amri inapotolewa, ukurasa wa zamani hufunikwa wote. Maelekezo yanaongeza jambo ambalo muuzaji wa programu angelificha: kitufe hiki hakifuti kumbukumbu za kivinjari, na huduma inapaswa kumwambia mtumiaji hivyo mapema.

Baada ya majaribio hutolewa toleo. Hapa simulizi yangu itakuwa fupi, maana hapana mengi ya kuona, ila nidhamu yake si ya kawaida. Mabadiliko yanayoweza kuvunja kazi za watu hungoja toleo kubwa. Yakija, kila moja huelezwa ni lipi, kwa nini, na ni mstari upi ubadilishwe kuwa upi. Kwa miaka mitano na ushei maktaba iliendelea kubeba mitindo ya Internet Explorer 8, kivinjari cha mwaka 2009 ambacho mafundi wengi walikwisha kukizika, mpaka toleo la 5 lilipokiacha. Rangi ya manjano yenye mstari mweusi, inayoonyesha kibodi iko wapi kwenye ukurasa, ilichorwa upya katika toleo la 3 mwaka 2019 ili ikidhi kanuni za kimataifa za WCAG 2.1. Timu zilizokuwa zinatumia maktaba zilipata rangi hiyo kwa kupandisha toleo. Zilizokuwa zimejichongea vitu vyao zilibaki na kazi ya kuvirekebisha kimoja kimoja, na sheria ya nchi hiyo ilizitaka tovuti za umma zilizokuwapo zitimize masharti ya ufikivu kufikia Septemba 2020.

Mwisho niseme la Kiswahili, ambalo sikulitarajia kulikuta humo. Kihesabu herufi kinapaswa kuweza kutafsiriwa, maana Uingereza ina Kiwelisi, na Kiwelisi kina maumbo sita ya kutofautisha idadi. Haitoshi kuwa na la umoja na la wingi. Mafundi walitengeneza faili dogo linalojua lugha ipi inahitaji maumbo mangapi, kwa ajili ya vivinjari visivyojua kanuni hizo vyenyewe. Walipokwisha kulitengeneza kwa ajili ya Kiwelisi hawakuishia hapo. Waliorodhesha lugha za dunia kwa mafungu, Kiarabu na maumbo yake, Kirusi na yake, na katika fungu la lugha zenye maumbo mawili zimo herufi mbili, sw. Maana yake ni kwamba fundi wa Dodoma au Kisumu akikichukua kipande hiki leo, ataandika "Imebaki herufi 1" mahali pamoja na "Zimebaki herufi" pamoja na namba mahali pengine, na kipande kitajua lini kitumie ipi.

Na kukichukua inaruhusiwa. Msimbo wote umetolewa kwa leseni ya MIT: unaunakili, unaubadilisha, unautumia hata kwa biashara, mradi ubaki na tamko la leseni. Wewe unayejenga fomu za shule, za hospitali, za halmashauri au za chama chenu cha akiba na mikopo, kabla ya kuchora kisanduku chako cha tarehe fungua chao, usome na yale maelezo yaliyo ndani ya msimbo. Ukigundua kasoro, iandike. Orodha yao ya majadiliano inasomwa. Ila badilisha fonti, kwani GDS Transport, pamoja na nembo ya taji, ni kwa huduma za Serikali ya Uingereza pekee. Vilivyobaki vyote unaweza kuvitumia.